Watu Ishirini na Sita wa Mama Pacha

"Hivi fundi, wewe umewahi kuona watu ishirini na sita wakitoka nyumbani kwangu?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yangu, Mama Pacha, asubuhi moja ya Jumanne, kabla hata hajanisalimia. Nilikuwa nimeshamaliza sala na kukaa kwenye cherehani, nikishona pindo la sare ya shule. Siku zote tukionana huanza na habari za kuamka, tunakuja za watoto, ndipo tunafika kwenye shida. Siku hiyo alisimama tu mlangoni, sketi imelowa hadi magotini kwa maji ya mto, na mkononi ana karatasi yenye muhuri.

"Watu ishirini na sita?" nikamwuliza. "Kuna sherehe?"

"Sherehe! Soma mwenyewe, fundi. Soma."

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nilifuata mistari kwa kidole. Barua ilitoka kwa bwana afya. Ilisema kwamba nyumba ya mfua nguo ng'ambo ya mto, yenye vyumba viwili na choo kimoja, imekutwa na wakazi ishirini na sita. Ilisema huo ni msongamano wa hatari. Wakazi wote wapewe siku kumi na nne wawe wameondoka, na nyumba ifungwe.

"Imekutwa na nani?" nikauliza.

"Ndilo ninalouliza mimi! Nani alikuja kwangu akanikuta? Mlango wangu haujabishwa na mtu. Ndani tuko watano: mimi, mama yangu, binti yangu mkubwa na hao pacha. Watano! Hao ishirini na mmoja wengine ninawalaza wapi, darini? Jana nimekwenda kumweleza bwana afya. Ananijibu, mama, karatasi ndivyo inavyosema." Akanitazama kwa jicho ambalo hakuwahi kunitazama nalo. "Kuna mtu amenichongea, fundi. Na anayeniona kila siku kutoka upande huu ni wewe."

Damu ilinipanda. Tumejuana miaka tisa. Nilipofiwa na mume wangu, huyu ndiye aliyenifulia nguo za nyumba nzima siku saba bila kuulizwa.

"Mama Pacha," nikamwambia, "mimi namwogopa Mungu. Nyumbani kwangu halijatoka neno."

"Haya. Nimesikia," akasema, akaondoka. Hakusema ameamini.

Mtaa wetu unaanzia kwenye kiwanda cha mbao na kuishia mtoni. Upande wetu kuna nyumba kumi na moja. Ng'ambo kuna nne tu, halafu mlima unaanza kupanda na msitu unafunga kila kitu. Katikati ni mto, ambao si mpana sana lakini una hasira zake. Watu huvuka kwenye magogo mawili yaliyolazwa sambamba. Mvua ikinyesha juu msituni, magogo yanazama, na anayetaka kuvuka inambidi azunguke hadi daraja la magari, mwendo wa saa nzima kwa kwenda tu. Ng'ambo ndiko Mama Pacha anakofulia kwa sababu maji yako karibu na jua linakausha vizuri. Anafulia wauguzi wa hospitali, wafanyakazi wa kiwanda na watoto wa bweni la shule. Kamba zake ukiziona kutoka kwangu ni kama bendera.

Siku nzima nilishona vibaya. Sindano ilivunjika mara mbili. Nilikuwa na hasira na huyo mchongezi, yeyote awaye, na moyoni nikimwombea mabaya, kisha namwomba Mungu anisamehe kwa kuomba mabaya. Kisha naanza tena.

Jioni binti yangu alirudi kutoka shule. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mtaa mzima unamwita Profesa kwa sababu hujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Alinisalimia, akaweka begi, akachota maji, akaanza kuchambua mchele huku akiimba. Nikamsimulia habari ya barua.

Akaacha kuimba.

Mimi ni mtu wa kutazama. Mashine ya kushona inakufundisha kutazama, maana ukiangalia pembeni kidogo tu mshono umepinda. Niliona mikono yake imesimama juu ya ungo.

"Wewe Profesa," nikasema, "ile kazi ya kuhesabu watu mliyopewa shuleni, wewe ulipewa upande gani?"

Nieleze kidogo. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikuja mtafiti, mama mmoja wa makamo mwenye buti za mpira na kofia iliyopauka, kuchunguza bonde letu. Alipima upana na kina cha mto akiwa ndani ya maji. Aliingia msituni na kamba, akaifunga miraba, akahesabu miti iliyomo, iliyosimama na visiki. Alitaka kujua mto unakula ardhi kiasi gani, msitu unapungua kiasi gani, na watu wanaoishi hapo ni wangapi, ili wakubwa wajue pa kujenga daraja la miguu na pa kupanda miti. Yote hayo yangechorwa kwenye ramani moja, itiwe saini shuleni mbele ya wageni. Hilo la watu aliwaomba wanafunzi wa darasa la sita wamsaidie. Aliwafundisha vizuri: bisha hodi, salimia, uliza ni watu wangapi waliolala humu usiku wa kuamkia leo, andika, kisha chora alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango.

"Nilipewa huku kwetu," Profesa akajibu. "Kuanzia kiwandani."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka... mpaka mwisho."

"Mwisho ni wapi, mtoni au ng'ambo?"

"Ng'ambo."

"Lete daftari."

Alilileta akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Nilifungua. Nyumba kumi na moja za upande wetu ziliandikwa vizuri, na yetu imo, watu wawili. Halafu nikaona: nyumba ya mfua nguo, wanawake kumi na mmoja, wanaume sita, watoto tisa. Jumla ishirini na sita. Chini yake: nyumba ya fundi baiskeli, tupu, haina mtu.

"Fundi baiskeli nyumba yake tupu?" nikauliza. "Yule mzee amekaa pale tangu sijaolewa."

Akaanza kukunja pindo la sketi yake.

"Ulivuka vipi siku hiyo?"

"Kwenye magogo."

"Ilikuwa Jumamosi ile ya mvua. Magogo yalikuwa chini ya maji tangu Ijumaa."

"Basi nilizunguka darajani."

"Ukarudi kabla ya saa sita mchana, viatu vikavu? Ulipanda ndege?"

Akaanza kulia. Nikamwambia machozi ayaweke kando kwanza, nataka maneno.

"Nilisimama huku kwetu, mama, penye kisiki. Nikawahesabu kutoka huku."

"Walikuwa nje?"

"Hapana."

"Sasa uliwahesabuje?"

Akatazama chini. "Nilihesabu nguo kwenye kamba. Magauni kumi na moja, suruali sita, sare za watoto tisa. Nikaona kila nguo ina mtu wake. Kwa fundi baiskeli hakukuwa na nguo."

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Sijawahi kumpiga mtoto huyu na sikumpiga siku hiyo, lakini niliiweka mikono nyuma nikaishikanisha.

"Mtoto wa fundi cherehani!" nikasema. "Umelala miaka kumi na miwili kati ya nguo za watu, na hujui kwamba nguo si mtu? Haya magauni manane yaliyotundikwa hapa ukutani, wenyewe wanalala hapa? Tuko kumi humu ndani?"

"Nilitaka kuwa wa kwanza kukusanya. Mwalimu wa jiografia alisema wa kwanza ndiye atakayewasomea wageni ramani."

"Na ulijua Mama Pacha anafulia watu?"

"Nilijua, lakini sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiria wageni na makofi."

Alilia kwa nguvu. Kisha akasema jambo lililoniudhi kuliko la nguo. "Mama, ramani inatiwa saini keshokutwa. Nikisema watanicheka shule nzima. Si tumwambie Mama Pacha kimyakimya, aende mwenyewe akaeleze?"

"Ameshaeleza! Akaambiwa karatasi ndivyo inavyosema. Karatasi yako hiyo. Mwenzako anafukuzwa kwenye nyumba yake, mama yake mzee hata kutembea ni kazi, na wewe unaogopa kuchekwa?"

Chakula usiku ule kilikosa ladha. Nilipopiga magoti kusali, maneno yalikataa, kwa sababu kila nikifumba macho nilijisikia mwenyewe nikisema: nyumbani kwangu halijatoka neno.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua na magogo yanaonekana. Baada ya shule tulivuka, Profesa mbele na daftari, mimi nyuma. Nilimwambia atabisha hodi yeye na atasema yeye.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Mama Pacha. Alikuwa anakamua shuka. Alipotuona hakuacha kukamua. "Mmekuja kunisaidia kufungasha?"

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba."

Profesa alisema yote kwa pumzi moja, macho yakiwa chini. Shuka likaanguka kwenye beseni.

Kwanza Mama Pacha alicheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Akageukia chumbani. "Mama! Njoo uwaone wajukuu zako! Sare tisa za bweni! Na wakwe umepata, suruali sita za kiwandani, zimesimama kwenye kamba zinasubiri posa!" Kisha kicheko kikakatika. "Mtoto wewe, mikono yangu hii umeiona? Imeliwa na sabuni kwa ajili ya nguo hizo unazoziita watu. Barua yenu imebandikwa mpaka kwenye ubao wa matangazo wa hospitali. Wauguzi wanne wamekuja leo asubuhi kuchukua nguo zao. Wanasema hawawezi kufuliwa kwenye nyumba iliyojaa watu namna hiyo, wataambukizwa magonjwa."

Profesa akalikumbatia daftari kifuani.

"Na wewe," akanigeukia mimi. "Si uliniambia kwako halijatoka neno?"

"Nilisema jambo nisilolijua. Nisamehe, Mama Pacha."

"Leo siwezi. Usiniombe jambo ambalo leo siliwezi."

Nikasema sawa. Nilijua anayo haki hiyo. Profesa akamwuliza, kwa sauti ndogo, ni watu wangapi waliolala humo usiku wa kuamkia leo. Mama Pacha akajibu watano, akasimama mlangoni kumtazama akiandika, tarakimu moja tu.

Tukaenda na kwa fundi baiskeli. Mzee alisikiliza alivyoandikwa, akajipiga kifuani. "Kumbe mimi ni hewa! Sasa hiki kikohozi kinamkohoa nani?" Lakini naye hakutukaribisha kukaa. Kwenye nyumba mbili zilizobaki hesabu nayo ilikuwa ya uongo, moja imezidi na moja imepungua.

Alhamisi wageni walikuja shuleni. Darasa la sita lilijaa wazazi. Ramani ilikuwa ukutani, kubwa kama shuka: mto kwa wino wa buluu, msitu wa kijani, na kila nyumba ina kidoa chekundu, watu wakiwa wengi kidoa kinakuwa kikubwa. Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa kama kidonda. Alikuja naye, amekaa nyuma kabisa na pacha wake, hajamwangalia mtu. Mbele walikaa mwalimu mkuu, mtafiti na bwana afya.

Mwalimu wa jiografia akamwita Profesa kusoma ramani. Binti yangu akasimama.

"Kabla sijasoma," akasema, "ramani hii ina uongo, na ni wangu. Ng'ambo ya mto sikuvuka. Nilihesabu nguo zilizoanikwa. Kwa Mama Pacha si watu ishirini na sita, ni watano. Kwa fundi baiskeli si nyumba tupu, yupo yeye. Jana nimekwenda kuwahesabu kweli. Naomba msamaha."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. "Nguo! Kahesabu nguo!" Mvulana mmoja akapaza sauti, "Profesa, na soksi je, ni watoto wachanga?" Mwalimu mkuu akapiga meza.

Mtafiti hakucheka. Alisimama mbele ya ramani yake akaitazama kwa muda.

"Mimi nimeingia kwenye ule mto mpaka kiunoni," akasema. "Nimeng'atwa na siafu msituni nikihesabu miti mmoja mmoja, na mti hauwezi hata kulalamika ukiukosea. Wewe ulipewa watu. Watu wenye midomo, wa kuulizwa tu. Ukaona uvivu kubisha hodi?"

"Ndiyo," Profesa akasema.

Angalau hapo hakutafuta maneno ya kujitetea.

Bwana afya akakohoa. "Basi, mambo ya watoto haya. Nitatazama namna ya kurekebisha."

Hapo ndipo nami nilipoinuka. Sikupanga. Mimi si mtu wa kusimama kwenye mikutano.

"Samahani, bwana afya. Mwanangu amekosa na nyumbani ataendelea kulijua hilo. Lakini wewe ni mtu mzima. Kabla hujaandika watu wafungiwe nyumba, ulivuka?"

"Mama, mimi nafanya kazi kwa takwimu zilizoletwa ofisini."

"Barua yako imesema nyumba imekutwa. Imekutwa na nani?"

"Fomu ilipitishwa na mwalimu."

"Mimi nilipitisha zilivyokuja," mwalimu wa jiografia akasema haraka, "nikijua mtafiti atakagua."

Wote wakamtazama mtafiti. Niliona anaumwa na jambo, na niliona pia kwamba hakulikimbia. "Nilipaswa kurudia nyumba chache kuhakiki," akasema. "Sikurudia. Niliona namba kubwa, nikafurahi kwamba nimegundua jambo. Kosa hilo ni langu, na nitaliandika kwenye ripoti kwa jina langu."

Akachukua wembe akakikwangua kile kidoa chekundu mbele yetu sote, taratibu, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Akachora kingine kidogo, cha watu watano. Akamwambia Profesa kwamba hatasoma ramani mbele ya wageni, na kwamba Jumamosi atazipitia upya nyumba zote kumi na tano, na mwalimu atakuwa naye, na yeye mtafiti atawafuata nyuma. Bwana afya naye akatoa kalamu, akaifuta ile barua kwa mistari miwili, akatia saini chini. Mwalimu mkuu akamtaka aitoe na ile iliyobandikwa hospitalini leo hii hii, si kesho.

Kisha mtafiti akawageukia watoto. Sauti yake bado ilikuwa kali.

"Sikilizeni, ninyi nyote. Ramani haina macho. Inaona kile tu ulichoiambia, na anayeisoma mbali huko anaamini. Mkipima mto kwa kukisia, daraja litajengwa pasipo watu. Mkihesabu miti kwa kukisia, msitu utakwisha huku karatasi inasema upo. Na mkihesabu watu kwa kukisia, mtu mzima aliyelala kwake atafukuzwa kwa kalamu yako wewe. Kazi ambayo hukuifanya usiiandike. Andika: sikufika. Neno hilo halina aibu. Aibu ni namba ya uongo."

Watoto walikaa wima. Hata yule wa soksi.

Bwana afya akaona mambo yamekwisha. Akatabasamu, akanyoosha mikono kuelekea nyuma ya darasa. "Basi, Mama Pacha, yamekwisha. Nyumba yako ni salama. Ni makosa madogo ya kibinadamu, tusameheane, tuendelee na ratiba."

Mama Pacha akasimama. Hakuinua sauti, na kwa sababu hiyo tulimsikia wote.

"Wauguzi wanne walichukua nguo zao jana. Leo asubuhi wamekuja wengine watatu. Mama yangu halali, anauliza kila saa kama tumeshafukuzwa. Hayo nayo utayafuta kwa mistari miwili?"

Bwana afya akashusha mikono. Profesa alikuwa ameshatoka mbele, amefika penye dawati la mwisho, uso umelowa. "Mama Pacha," akasema, "naomba nije Jumamosi jioni nikusaidie kufua. Na kila Jumamosi. Na nitakwenda hospitali mwenyewe niwaambie wale wauguzi kwamba ni mimi."

Mama Pacha alimtazama muda mrefu. Mimi pia nilimtazama, nikingoja alainike, maana namjua, ana moyo mwepesi. Hakulainika. Aliinama, akashika mkono wa pacha mmoja kulia na wa mwenzake kushoto, akapita katikati ya madawati, akatoka bila kusema neno jingine.